Joto Kwanza: Maneno kwa Wafugaji wa Kuku wa Uani, Wete

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, akina mama wenzangu, na nyinyi wanangu mliotoka skuli mkapitiliza hapa bila ya kufika nyumbani, karibuni. Jua la alasiri bado kali na wengine mmeacha karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, kwa hivyo sitazunguka sana. Nimeombwa nizungumzie kifaranga mgonjwa: afanyiwe nini nyumbani, usiku, wakati daktari wa mifugo yuko mbali na kuku wenyewe ni hawa wetu wa uani.

Lakini kabla sijaanza, wewe mwanangu uliyekaa pale mbele na boksi la viatu mapajani, nimekuona tangu ulipoingia. Hebu mlete nimtazame. Ana siku ngapi? Tano. Haya. Manyoya yamemtimka, macho kafumba, amejikunyata, na kidole chake cha mguu ukikigusa kimezizima. Sasa hivi hatumpi dawa yoyote. Chukua chupa hii, nenda kwa bibi pale jikoni akutilie maji ya moto, yasiwe ya kuchemka. Uifunge kwa kipande cha kanga, uilaze upande mmoja wa boksi, na upande wa pili uuache mtupu. Kisha kaa naye kivulini utusikilize. Nikimaliza tutarudi kwake.

Jamani, hicho nilichomwambia mtoto ndicho kilichonileta hapa. Kifaranga akiumwa, baridi na kiu ndivyo humuua mapema, mara nyingi kabla ya ugonjwa wenyewe haujamaliza kazi yake. Sisi tukimwona amelegea mbio zetu huwa dukani kutafuta dawa. Tunamwacha kwenye sakafu ya saruji, tunarudi na kipakti cha unga, na yeye keshakufa.

Nisikilizeni nieleze kwa nini. Yai hulaliwa siku 21. Siku zote hizo kifaranga yuko chini ya mamaye, na mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 hivi, umetupita sisi binadamu. Akitoka kwenye ganda ana vinyoya laini tu ambavyo haviwezi kushika joto, na mwili wake bado haujajua kujipasha. Wiki ya kwanza anataka mahali penye nyuzi 32 hadi 35. Wiki ya pili unaweza kupunguza kama nyuzi tatu, na ya tatu vivyo hivyo, mpaka manyoya halisi yamwote. Sasa mtu ataniambia, Pemba hii, baridi itatoka wapi? Usiku wa kipupwe hapa petu hushuka hata karibu ya nyuzi 22. Kwako wewe ni usiku mtamu wa kulala na shuka. Kwa kifaranga wa siku tano ni pungufu ya nyuzi kumi na zaidi ya anachohitaji.

Kifaranga mzima hana shida, maana akisikia baridi anaingia chini ya mbawa za mamaye. Mgonjwa ndiye anayebaki nyuma. Tunasema teke la kuku halimuumizi mwanawe, na mapenzi ya kuku kwa wanawe yanajulikana. Lakini huyo mama ana kumi wengine wanaotaka kula, na juu kuna mwewe. Akisimama kumngoja mmoja, wengine watabebwa. Kwa hivyo anakwenda, na aliyelegea anabaki peke yake kwenye majani yenye umande. Hapo ndipo wewe unapotakiwa uwe mama yake.

Niliyajua haya kwa hasara. Masika moja kuku wangu aliangua kumi na mmoja. Siku ya sita wawili wakaanza kuzubaa, mbawa zimeshuka. Nilikwenda duka la dawa za mifugo, muuzaji hakuniuliza wana umri gani wala kinyesi chao kikoje, akanipa unga wa rangi ya manjano, nikautia kwenye maji. Mmoja nilimfungua mdomo nikamnywesha kwa kijiko. Alikufa mkononi mwangu palepale, na maji yakimtoka puani. Yule wa pili alichukuliwa na bibi jirani yangu, mtu mzima, hakusoma hata darasa moja. Hakumpa kitu. Alimfunga ndani ya kanga kifuani kwake akalala naye kwa kukaa, ameegemea ukuta, mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi kifaranga alikuwa analia anataka kula. Nimelifikiri sana lile jambo. Mimi niliyesoma ndiye niliyeua, na sababu ni kwamba nilitangulia na dawa mahali palipotakiwa joto.

Basi tuanze hapo. Mtoe mgonjwa kwa wenziwe, mtie katika boksi la kadibodi au pakacha lililotandikwa kitambaa. Usitandike gazeti tupu, linateleza, na kifaranga mchanga akiteleza siku mbili tatu miguu yake hutanuka pembeni asiweze kusimama tena. Kama una umeme, ning'iniza taa ile ya zamani ya kupata moto, ya wati 40 au 60, upande mmoja wa boksi, mbali na kitambaa. Hizi taa mpya za mwanga mweupe hazina moto, hazitakusaidia. Kama umeme hauna au umekatika, chupa ya maji moto inatosha, ila lazima uamke kuibadilisha. Naomba mnielewe kwenye hili: kila maji yakipoa, amka. Chupa iliyopoa inamnyonya joto lake badala ya kumpa.

Na ule upande mtupu wa boksi una maana yake. Kifaranga mwenyewe ndiye anayejua kipimo. Akilia kwa sauti kali na kujibana kwenye chupa, bado ana baridi. Akikimbilia pembeni, mdomo wazi, mbawa amezitandaza, umemuunguza. Akitulia katikati akalia kidogo kidogo, umepatia.

Kuna tahadhari moja nataka muipeleke nyumbani. Wapo wanaoweka jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ili kuwapasha vifaranga. Hewa ya mkaa haina harufu wala haionekani, na huua vifaranga na huua watu waliolala humo. Usifanye hivyo hata kwa dakika kumi.

Akishapata joto, ndipo maji. Si kabla. Kifaranga aliyezizima hawezi kumeza vizuri, na chochote utakachomtia mdomoni kitaelekea kwenye mapafu. Kwa ndege, tundu la pumzi liko palepale nyuma ya ulimi, wazi. Ndilo lililomuua yule wangu. Kwa hivyo usimimine. Chovya kidole kwenye maji ya vuguvugu, gusisha ncha ya mdomo wake pembeni, tone moja, ngoja. Akiinua kichwa akameza, tone jingine. Tia sukari kidogo, kijiko cha chai kimoja kwenye kikombe, kwa saa chache za mwanzo tu, kumpa nguvu. Baada ya hapo maji safi. Chombo chake kiwe cha chini, kisahani au kifuu kilichotiwa vijiwe, maana kifaranga dhaifu akiinamia chombo chenye kina hutumbukia na kuzama, na hata asipozama atarowa na baridi itamrudia.

Chakula kisikutie wasiwasi siku ile ile kama ndiyo kwanza ameanguliwa. Kiini cha yai alichobaki nacho tumboni humlisha siku mbili hadi tatu. Aliyezidi hapo mpe kiini cha yai lililochemshwa, kilichopondwa, kidogo kwa ncha ya kidole, au chakula cha vifaranga kilicholainishwa kwa maji. Kikibaki baada ya saa moja mbili, tupa. Na dagaa, jamani. Dagaa ni chakula kizuri cha kumkuza, lakini dagaa wetu wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Chumvi ile ni sumu kwa kifaranga. Atakunywa maji mfululizo, atahara, atalegea, na wewe utasema ni kideri. Dagaa wa kuwapa vifaranga awe yule aliyeanikwa bila ya chumvi, asagwe.

Akisharudiwa na uhai, mgeuze umkague, taratibu, mkono mmoja umemkumbatia. Anza nyuma. Mara nyingi utakuta kinyesi kimeganda kwenye vinyoya na kuziba pa kutokea. Kifaranga aliyezibwa hivyo hufa ingawa hana ugonjwa mkubwa, na kumtibu ni kazi ya dakika tano. Pamba na maji ya vuguvugu, unalowesha mpaka pamelainika, unafuta. Usivute, ngozi yake ni nyembamba kama karatasi itachanika. Mkaushe kabisa, mpake mafuta ya nazi kidogo, mrudishe kwenye joto. Ila angalia usikichanganye na kitovu, ambacho kiko chini ya tumbo, mbele kidogo. Kile kigaga cha kitovu hakiguswi. Kama kitovu kimevimba, chekundu, kina maji au harufu, huyo ameingiwa na uchafu tangu siku ya kuanguliwa, kwenye kiota kichafu, na wengi wa hao hawaponi. Dawa yake ni kubadilisha majani ya kiota kabla kuku hajaanza kulalia.

Tazama pembezoni mwa macho na chini ya mbawa. Viroboto vinavyong'ang'ania kwenye kope, chawa, utitiri: hivi humnyonya damu mtoto wa gramu thelathini mpaka akawa mweupe ulimi. Viroboto vya machoni vipake mafuta mazito ya kujipaka, vitakosa pumzi vitaachia. Mafuta ya taa sitaki kuyasikia. Yanamchoma ngozi na mvuke wake unamlewesha.

Kisha kinyesi. Mtandikie kitambaa cheupe ili ukione. Kinyesi kina maneno mengi kuliko kifaranga mwenyewe. Cheupe kama chokaa, kinachonata, kwa mtoto wa siku chache, mara nyingi ni maradhi yatokayo kwa mama kupitia yai, na hapo usimtazame kifaranga peke yake, mtazame na kuku aliyetaga. Cha kijani, pamoja na kuhema na shingo kupinda, mara nyingi ni kideri, nitakieleza mbele. Chenye damu ndicho nataka tukae nacho, kwa sababu ndicho kinachotumalizia vifaranga wengi wakati wa masika na ndicho tunachoweza kukizuia wenyewe.

Kuhara damu, madaktari huita koksidiosisi. Huwapata hasa wenye wiki tatu hadi sita, wale ambao umeshaanza kujisifu kwamba wamevuka. Kifaranga anajikunyata, analala mchana, halafu unaona damu. Kinacholeta ni kijidudu kidogo kiitwacho Eimeria, kinachoishi ndani ya matumbo. Mayai yake hutoka na kinyesi. Sasa sikilizeni hili, ndilo lenye faida: yanapotoka, mayai hayo bado hayaambukizi. Yanahitaji unyevu, joto, na siku moja hadi mbili ndipo yaive. Basi ukifagia banda kila siku, umeyatupa kabla hayajaiva. Ukifagia kila Ijumaa, umewalisha vifaranga wako ugonjwa kwa siku sita. Ndiyo maana masika ni mabaya, kwa sababu tandiko limerowa, chombo cha maji kimemwagika, na hakuna anayetaka kutoka kwenda bandani na mvua. Tia randa za mbao kavu, geuza, ondoa palipolowa. Chombo cha maji kiinue juu ya tofali, kiwe usawa wa mgongo wao, wasikinyee.

Dawa yake ipo na inafanya kazi ukiwahi. Inaitwa amproliamu, hutiwa kwenye maji ya kunywa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, na huchanganywa upya kila siku. Imeundwa ikafanana na vitamini B1, kijidudu kinaichukua badala ya vitamini na kinadhoofika kwa njaa. Ukijua hivyo utaelewa kwa nini siku hizo usitie vitamini kwenye maji yale yale: utakuwa unamlisha adui unayemtia njaa. Vitamini zitakuja dawa ikisha. Na watibu wote waliokuwa pamoja na mgonjwa, maana wameshakula pale pale.

Sasa kideri, wengine mnaita mdondo. Hapa sina maneno matamu. Ni kirusi, hakina dawa. Hakuna unga, hakuna kidonge, hakuna jani. Akishapata, unamtenga, unamtia joto, na unamwachia Mungu. Kilichopo ni chanjo. Ile iitwayo I-2 iliundwa kule Australia mahsusi kwa vijiji kama vyetu, kwa sababu inastahimili joto kuliko chanjo nyingine, haidai barafu kila hatua. Tone moja katika jicho moja. Kifaranga mdogo na jogoo mkubwa kipimo ni kimoja. Kila miezi mitatu hadi minne unarudia. Huchanjwa kuku mzima, si mgonjwa, na haitibu aliyekwisha kuambukizwa. Ukichanja wewe peke yako na jirani hakuchanja, kirusi kitaendelea kuzunguka mtaani, kitakuja kwa viatu, kwa tenga la mchuuzi, kwa kuku uliyemnunua sokoni kwa ajili ya Idi ukamfunga uani pamoja na wako. Huyo wa sokoni mweke mbali wiki mbili. Mimi ningeomba shehia nzima ichague siku moja tuchanje kwa pamoja, tununue kichupa kimoja tugawane, maana kichupa kina matone mengi kuliko kuku wa nyumba moja na kikishachanganywa hakiwekeki.

Nije kwenye jambo linaloniumiza. Vidonge vya watu. Nimeona kwa macho yangu mama anapasua kapsuli ya tetrasaikilini iliyobaki ya mumewe, anaimwaga kwenye maji ya vifaranga. Mwenye kilo 60 na kifaranga wa gramu 30 wanapishana mara elfu mbili. Nani amempimia? Na kama ni kideri au ni baridi tu, dawa ile haina la kufanya, kwa sababu inaua bakteria, haiui kirusi wala haipashi mwili. Inachofanya ni kuwafunza bakteria waliomo uani kuizoea, na siku mtoto wako mwenyewe akiumwa na wale wale, dawa ya hospitali haitamfaa. Kama ofisa mifugo amekupa dawa ya kuua bakteria, maliza siku zote alizokwambia, na muulize ni siku ngapi usile mayai wala nyama yake. Swali hilo liulizeni kila mara.

Mnaniuliza mshubiri na mwarobaini. Bibi zetu wameutumia mshubiri kwenye maji ya kuku miaka yote, nami sitamkataza mtu kutia kipande. Ninachokataa ni kuutumia mahali pa chanjo, au kutia uchungu mwingi kwenye maji mpaka kifaranga mwenye kiu akasusa kunywa.

Wanangu, hili lenu. Msimbusu kifaranga, wala msimtie ndani ya nguo mkala naye biskuti. Anaweza kubeba salmonela bila ya kuonesha chochote, na itakayowaharisha ni nyinyi. Kila ukimshika, osha mikono kwa sabuni. Wadogo zenu chini ya miaka mitano wamtazame tu.

Na akifa, asitupwe jaani, wala paka asipewe. Mzike chini, mbali na kisima, shimo la kiasi cha urefu wa mkono. Kwa wenzetu wa upande wa Micheweni, ambako ukipiga jembe mara mbili unakuta jiwe, basi mchome moto mpaka awe jivu. Boksi lake lichome naye.

Akipona, usikimbilie kumrudisha. Ngoja siku mbili tatu anakula, kinyesi kizuri. Mrudishe usiku, mwingize chini ya mbawa za mamaye gizani, alfajiri ataamka miongoni mwa wenziwe. Mchana mama anaweza kumdonoa kama mgeni. Na siku zote za ugonjwa wake liweke boksi pahali atakapowasikia wenziwe. Kifaranga aliye peke yake hulia mpaka akachoka, na nguvu zile anazihitaji.

Nimesema mengi. Masheikh wametufunza kwamba hata kumnywesha mnyama mwenye kiu kuna ujira, na huyu wetu hana hata sauti ya kuomba.

Haya mwanangu, njoo na boksi lako. Weka hapa mezani, akina mama sogeeni. Tazameni: amefumbua jicho moja, na ameiacha chupa kidogo, amekaa katikati. Mguu umeshapata joto, gusa wewe mwenyewe. Bado mbawa zimeshuka, sitakwambia amepona. Nyuma ni safi. Sasa ndiyo wakati wa maji. Bibi, nipatie kikombe na sukari kidogo. Nawa mikono kwanza, mwanangu. Chovya kidole. Tone moja tu, pembeni ya mdomo, halafu tungoje tumwone kama atameza.